Kibao Kilicho Chini ya Mashuka

Ayiko,

Sitaanza kwa kukusalimia. Asubuhi umepita mbele yangu ukaenda kuoga bila neno, nami nikaendelea kuchagua mchele kama sijakuona, kwa hiyo tumeshasalimiana kwa namna yetu. Leo ni siku ya tisa hatusemezani na kesho unaondoka. Sasa hivi uko Kamwokya unasukwa nywele za safari, na ninavyomjua yule msusi wako na mdomo wake, hutarudi kabla ya magharibi. Nimekaa kwenye kitanda chako, sanduku lako liko miguuni pangu, naandika kwenye karatasi nilizochana katika daftari lako la mazoezi ya ualimu. Utavumilia mwandiko. Mkono huu umezoea kisu na vitunguu.

Mambo ya kuchemsha maji, ya neti, ya wanaume, sitayaandika. Ulishayasikia, na mengine unayajua kunishinda. Nilikuzaa nina miaka kumi na sita. Watu wakituona pamoja wanadhani wewe ndiye dada mkubwa, kwa sababu ya miwani. Nikikaa hapa kukufundisha wanaume nitajichekesha mwenyewe.

Nataka tuzungumze habari ya kile kibao.

Nimekiona. Nilikuwa nakunja mashuka yako upya kwa sababu umeyakunja kama mtu anayekimbia vita, mkono ukagusa mbao chini. Nikadhani ni ubao wa kukatia mboga. Nikafurahi, nikasema huyu mtoto angalau amekumbuka kwamba atapika. Kumbe umekwenda kwa fundi wa hapa Namuwongo, akakupigia msasa na vanishi, akakutobolea matundu mawili, ukatia kamba nyekundu. Umeandika kwa rangi, kwa herufi zako nzuri, kwamba mwenye kukivaa amekataa Kiswahili. Ni kizuri kuliko kile tulichovishwa sisi shuleni, na hilo ndilo linanitia hasira zaidi. Cha kwetu kilikuwa kipande cha kreti ya soda na waya, hakuna aliyejisumbua kukipamba.

Sikukitoa. Nimekirudisha chini ya mashuka kama kilivyokuwa. Wewe ni mtu mzima, na mimi sikufunza watu kuacha mambo kwa kuwaibia.

Umesema nilikuvua nguo mbele ya walimu. Ni kweli na nitafika hapo. Lakini kwanza nisikilize. Kwenye ile semina yenu wewe ulikaa mbele, mimi nilikuwa nyuma kwenye meza ya chai, na mtu wa nyuma huona mengi.

Hujui kwamba niliomba kupangwa kwenye ukumbi ule. Bosi wa mapishi alikuwa amenipa harusi, nyama tele, mabaki ya kubeba nyumbani. Nikamwambia nipeleke kwa walimu, mwanangu yumo. Nilipiga pasi aproni mara mbili.

Nimehudumia semina za walimu miaka saba sasa, Ayiko. Nimesikia nyingi kuliko utakazokwenda. Kwenye kipaza sauti mtoto ni ua, mtoto ni mche, mtoto ni mgeni tuliyekabidhiwa na Mungu. Wakifika kwenye foleni ya chai, mtoto ni punda. "Darasa langu limejaa punda, nyabo, niongezee sambusa." Sambusa inaingia kwenye mkoba, mwalimu anakwenda kupiga picha mbele ya bango. Siku ya mwisho kila mtu anapewa cheti. Sijawahi kuona aliyenyimwa. Yule baba aliyelala siku mbili akikoroma alipewa cha kwake, mkampigia makofi.

Na ninyi wapya mlikuja na kalamu mpya na kadi za majina shingoni, mkaandika kila kitu. Mliandika hata pale mwezeshaji aliposema choo kiko upande wa kushoto.

Siku ya pili yule mwezeshaji mwenye kilemba akauliza: watoto wakinyamaza saa ya Kiswahili, au wakijibu kwa Luganda, wewe mwalimu mpya utafanya nini? Ukasimama wewe. Niliweka birika chini. Nilimwambia mwenzangu wa chai, "Huyo ni wangu," naye akasema, "Ee, anafanana na wewe shingo." Ukasema kwamba kwenye mazoezi ulitengeneza kibao, mtoto akitamka Luganda ndani ya kipindi anakivaa, na hakivui mpaka amnase mwenzake. Ukasema ndani ya wiki mbili darasa lilikuwa limenyooka. Wakapiga makofi. Yule mkuu wa shule ya bweni akainuka na suti yake ya kijivu, akasema, "Huyu ndiye mwalimu ninayemtafuta." Kazi yako imetoka hapo. Najua. Ndiyo maana inaniuma kama jino.

Kwa sababu ni Kiswahili, mwanangu. Kiswahili kile kile.

Ndipo nikasema niliyoyasema. Wenye semina yao hawakuniuliza, nami nilikuwa na jagi la maziwa mkononi. Nilisema kwa sauti, "Huyo nimemzaa mimi, lakini huo ushenzi sikumfundisha. Ningejua, ningemwacha auze nyanya." Wakacheka. Yule wa kilemba akasema, "Asante, mama. Tunaomba maziwa upande huu." Nikapeleka maziwa upande ule. Wewe ulikaa ukaangalia daftari lako mpaka mapumziko, na hukuja kunywa chai.

Njiani kurudi ulisema, "Kila mtu alivaa kibao, Mama. Tulivaa, tukapita. Ni mbinu tu." Nikakujibu tusi ambalo sitaliandika. Hukuniuliza kwa nini nina hasira hivyo. Na mimi sikukueleza, maana nikieleza nusu itabidi nieleze yote.

Sasa naeleza yote.

Tulikulia kambi ya polisi, unajua. Babu yako alikuwa konstebo kutoka Arua, bibi yako Mnubi, jirani wa kulia Mwacholi, wa kushoto Mteso. Tungesemezana kwa lugha gani? Kiswahili ndicho kilichotulea. Tulitukanwa kwa Kiswahili, tukabembelezwa kwa Kiswahili. Lakini ukitoka getini tu, kilikuwa lugha ya askari na ya wezi. Shuleni ilikuwa Kiingereza peke yake. Ukisikika na neno jingine unavishwa kibao, kimeandikwa kwamba wewe ni punda, unakaa nacho mpaka umsikie mwingine amekosea, ndipo unamhamishia. Atakayekutwa nacho Ijumaa jioni anachapwa mbele ya shule nzima. Na mwenye kibao hakuogopa kumtega mwenzake kwa lugha ile ile iliyokatazwa. Aliyekwisha kunaswa hana tena cha kupoteza.

Mimi nilikuwa darasa la sita. Mdogo wangu Zubeda alikuwa la tatu.

Wewe unamjua Mama Mdogo Zubeda kama yule anayekaa mlangoni siku ya Idi, anakupa nyama, anakuangalia, anaondoka. Unadhani ndivyo Mungu alivyomuumba. Zubeda alikuwa kasuku. Kambi nzima ilikuwa inapata habari kwake: nani amehamishwa, nani amepigwa na mumewe, bata wa nani ameingia kwa inspekta. Babu yako alikuwa anasema huyu tutamtia kwenye redio.

Ijumaa moja nilinaswa asubuhi. Nilisema "nipe" nikiomba kifutio, neno moja tu. Mpaka saa ya chakula wenzangu wote walikuwa bubu kwangu. Mwenye kibao hukimbiwa kama mwenye upele, na akikaribia watu wanafunga midomo. Saa zilikuwa zinakwenda. Nikaona huku kwa wakubwa sitapata mtu. Nikakificha kibao ndani ya sweta, nikaenda upande wa watoto wadogo.

Nilimkuta Zubeda peke yake barazani anakula posho, ule ugali wa shule, na maharage kwenye kikombe cha bati. Nikakaa karibu. Nikamwambia polepole, kwa sauti ya nyumbani, "Zube, umeshiba?"

Akacheka. Akanionyesha kikombe. "Bado. Wewe je, dada, umepata? Nikubakishie?"

Nikatoa kibao nikamvisha. Alidhani ni mchezo. Nilipogeuka kukimbia alikuwa bado ameninyooshea kile kikombe.

Jioni walimwita mbele. Mwalimu alimuuliza kwa Kiingereza alikuwa anazungumza na nani. Kiingereza hakuwa nacho, lakini jina halihitaji Kiingereza. Angesema jina langu na tungechapwa wawili. Aliangalia mstari wa darasa la sita, akaniona, akanyamaza. Alichapwa peke yake. Fimbo sikuzihesabu, niliangalia viatu vyangu.

Tangu siku hiyo hakufungua mdomo shuleni. Sisemi alikataa kusema Kiswahili. Hakusema chochote. Mwalimu akimuuliza swali anaangalia chini, mwalimu akasema huyu kichwa ni jiwe, akarudishwa darasa lile lile. Halafu asubuhi moja akashika mguu wa kitanda, akasema haendi. Babu yako akaniuliza mimi, "Wewe mko shule moja. Huyu ana nini?"

Nikasema, "Mvivu tu, Baba. Hapendi kusoma."

Akavua mkanda. Alikuwa polisi, njia ya kuhoji aliyoijua ni moja. Zubeda alipigwa huku ananiangalia, na hakusema. Hakurudi shule tena. Mimi nikaendelea miaka kadhaa mbele, nikapata mimba yako, nikatoka na mimi, watu wakasema wale watoto wa konstebo wote hawana bahati. Niliwaacha waite bahati.

Basi. Ndiyo hasira yangu hiyo. Ukisema kila mtu alivaa akapita, nataka ujue hivi: mimi nilipita.

Kuna kitu kingine ulikikosa kwenye ile semina, na ndicho peke yake ambacho ningekulipia kukisikia. Siku ya tatu, chai ya saa nne, wewe ulikuwa kwenye foleni ya kupiga picha na bango. Mzee mmoja mwalimu, yule mwenye koti lenye viraka viwikoni, alikuwa ananisubiri nimchujie majani. Vijana watatu wapya wakamzunguka, wanazungumza habari ya kibao chako, wanakisifu. Mmoja akasema, "Bila hicho, Mzee, hawasemi."

Mzee akauliza, "Na kwa hicho wanasema nini?"

"Wanasema kidogo."

"Mimi nilikitumia miaka mingi," akasema. "Nilikuwa hata na daftari la majina. Siku moja nikakaa nikajiuliza nimefundisha nini. Nimefundisha upelelezi. Nilitoa makachero hodari kila mwaka, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuandika barua."

Wakacheka. Mmoja akasema, "Sasa siku hizi unatumia nini?"

"Nazungumza nao."

"Basi?"

"Basi. Inachosha sana." Akachukua kikombe chake, akaniambia asante kwa jina langu, alikuwa ameliuliza siku ya kwanza. Hakuna aliyeandika maneno yake. Madaftari yote yalikuwa ndani ya ukumbi.

Ningekuwa na cheti cha kutoa, ningempa yeye. Ukienda semina nyingine, na utakwenda, mtafute mtu wa namna hiyo, aliyekosa na anasema amekosa mahali gani. Hawi kwenye ratiba. Huwa yuko kwenye chai.

Sasa nije kwangu mimi na wewe. Nilikasirika siku tano bila kupumzika. Siku ya sita nikiwa namenya viazi nikakuona tena pale umekaa na daftari lako, watu wanacheka. Nikauliza moyo wangu, huyu mtoto amefanyiwa nini? Amesimamishwa mbele ya watu kwa neno alilolisema, na aliyemsimamisha ni mtu wa kwao, aliyekwenda kukaa karibu naye kwa makusudi na aproni iliyopigwa pasi. Niliacha viazi. Hiyo ni mara ya pili katika maisha yangu, Ayiko, na mara zote mbili ni damu yangu. Maneno yenyewe nayasimamia, ule ni ushenzi, lakini ningekuvuta pembeni nyuma ya jiko nikakuambia. Nilitaka wakucheke. Nilitaka kwa nusu dakika, na nusu dakika ilitosha. Nakuomba msamaha kwa hilo. Hasira ya kibao bado ninayo, na hiyo sitaiombea msamaha.

Jana nilikwenda Kisenyi. Niliuambia mlango kwamba nakwenda sokoni, wewe ulikuwa hunisikilizi. Nilimkuta Zubeda mahali pake, nyuma ya lile duka la jumla la Msomali, anashona magunia yaliyopasuka. Nikakaa kwenye gunia. Nikasema, "Zube, nimekuja kwa ajili ya ile Ijumaa."

Hakuinua macho. "Ijumaa ipi?"

"Ya kikombe."

"Aa." Akavuta uzi mpaka mwisho. "Umechelewa. Nilikuwa nakungoja tangu uko darasa la sita."

"Nilidhani umesahau."

"Wewe ulisahau?"

"Hapana."

"Sasa mimi niliyevaa ndiye nisahau."

Sikulia, maana namjua, angeniambia niende kulia barabarani. Nikamweleza habari zako, semina, makofi, kazi. Hapo sindano ikasimama.

"Ayiko huyu wetu?"

"Huyu."

"Na amekibeba?"

"Kiko kwenye sanduku. Amekipaka vanishi."

Mpagazi mmoja alipita na mzigo akatupigia kelele tutoe miguu, Zubeda akatoa yake. Halafu akasema, "Mwambie yale ya mazoezini nimemsamehe, hakujua. Sasa umwambie ajue. Akimvisha mtoto mwingine hata mara moja, asije kwangu Idi."

Nikauliza, "Na mimi?"

"Wewe ulijua," akasema, akarudi kwenye gunia lake.

Nimekuandikia kama alivyosema. Sikuongeza wala sikupunguza.

Kwa hiyo kesho unakwenda ukiwa unajua. Sitakudanganya kwamba kile kitu hakifanyi kazi. Kinafanya. Kinanyamazisha darasa vizuri kabisa. Wiki ya kwanza watoto watakuangalia kama ng'ombe anavyoangalia gari, utasema peke yako mpaka koo likauke, na walimu wa chumba cha pili watasikia kupitia ukuta waseme Madamu mpya ameshindwa. Utakasirika. Wewe una hasira zangu. Kitakuwa hapo karibu, chepesi, na kamba yake nyekundu. Nami sitakuwepo, na hata ningekuwepo umeshaona mdomo wangu unavyosaidia.

Lakini wewe una kitu mimi sikuwa nacho. Nilipokuwa darasa la sita hakuna mtu aliyenikalisha akaniambia, binti, utaweza kukaa nacho hadi jioni, ni fimbo tu, zitapoa. Mimi nakuambia. Aibu ya darasa lililonyamaza itapoa. Mkuu wako akikuita ofisini akuulize iko wapi ile mbinu aliyokuajiria, utatetemeka, nako kutapoa. Kaa nacho wewe. Usimtafutie mtoto wa kumhamishia.

Anaweza kukufukuza. Najua uzito wa hilo kuliko yeye, mimi ndiye niliyewaambia wanawake wote wa hapa kwetu kando ya reli kwamba mwanangu ni mwalimu, mpaka wamechoka. Wakikufukuza kwa sababu hiyo, usijifiche kwa rafiki, usikae huko ukitafuta la kuniambia. Nipigie, nitajie basi. Nitavaa gomesi ya manjano, ile yenye mshipi wa hariri, nije mpaka paki ya mabasi na matope yake, nikupokee kwa vigelegele. Na watu wakiniuliza kuna sherehe gani leo, nitawaambia mwanangu amefukuzwa kazi.

Mama